Albamu tatu za mabinti wa Kifaransa waliokua: uanze na ipi?

Shemeji yangu anajifunza Kifaransa kwa simu, ndani ya daladala, kati ya Mbagala na Kariakoo. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kwamba amechoshwa na sentensi za paka aliye juu ya meza, anataka muziki, ila nisimpe nyimbo za kitoto. "Nipe za mtu mzima, kaka." Nikaandika jina moja, nikalifuta. Nikaandika la pili, nalo nikalifuta. Ombi lake lilikuwa limeniangukia kwenye swali ninalobishana nalo mwenyewe miaka sasa.

Pop ya Ufaransa imezoea kumpenda mwimbaji akiwa binti wa shule. Françoise Hardy alikuwa na miaka 18 alipotamba na "Tous les garçons et les filles" mwaka 1962. Vanessa Paradis alikuwa na 14 "Joe le taxi" ilipotoka mwaka 1987, ikakaa namba moja Ufaransa kwa wiki 11. Alizée, binti wa Ajaccio katika kisiwa cha Corsica, alikuwa hajatimiza 16 wakati "Moi... Lolita" inaanza kupigwa redioni mwaka 2000. Wote watatu walikwama palepale: mashabiki wanataka binti yuleyule, na yeye keshakua. Kila mmoja akatoa albamu ya kuvuka. Hardy ni "La question" ya 1971, akiwa na miaka 27. Paradis ni "Variations sur le même t'aime" ya 1990, akiwa na 17 tu. Alizée ni "Une enfant du siècle" ya 2010, akiwa na 25.

Kama una nafasi ya moja tu kwa sasa, hebu tuziweke pamoja.

Ninapima kwa nini

Cha kwanza ni kalamu: nani alitunga, na mwimbaji alikuwa na kauli kiasi gani. Nimekiweka mbele kwa sababu katika muziki huu ndicho kinachoonyesha mtu amekua kweli au amebadilishiwa nguo tu. Cha pili ni vyombo na sauti. Cha tatu ni maneno, kwa anayejua Kifaransa na kwa asiyejua. Cha nne ni jinsi albamu inavyokaa nawe, siku ya kwanza na baada ya kuirudia mara nyingi.

Mauzo nimeyaacha nje makusudi. Kati ya hizi tatu, mbili hazikuuza, ya Hardy na ya Alizée, na ile ya Hardy leo ndiyo wapenzi wake wengi huitaja kwanza.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani

Hardy alianza akiwa nayo. Zama zake, mabinti wengi walikuwa wakipewa nyimbo na wakubwa wa kampuni, wanaimba, wanashukuru. Yeye alikuja na za kwake. Kwa hiyo alipofika 1971 hakuwa na cha kudai. Jukwaa alikwisha liacha tangu 1968, na kazi zake alikuwa akizisimamia kupitia kampuni yake mwenyewe. Alichofanya ndicho kinachonivutia: aliigawa kalamu. Alimkuta Tuca, Mbrazili aliyekuwa akipiga gitaa mjini Paris, rika lake, akamwachia sehemu kubwa ya muziki. Wakafanya mazoezi mpaka nyimbo zikawakaa mwilini, wakarekodi sauti na gitaa na besi, fidla zikaongezwa baadaye. Mashairi kadhaa, pamoja na ya wimbo wenye jina la albamu, aliandika Hardy mwenyewe. Wanawake wawili waliokaa chini wakaelewana: ukiisikiliza kwa kujua hilo, unausikia ule utulivu wa watu wasiotazama saa.

Kwa Paradis hadithi ni nyingine kabisa. Muziki ulibaki kwa Franck Langolff, aliyemtungia tangu "Joe le taxi", lakini maneno akapewa Serge Gainsbourg, mzee wa miaka 62 ambaye Ufaransa nzima ilimjua kwa ubingwa wa maneno na kwa vituko. Hapa sina budi kusema wazi: Gainsbourg na mabinti wadogo ni habari ndefu. Mwaka 1966 alimtungia mwimbaji binti France Gall wimbo wa pipi za kijiti uliokuwa na maana ya pili ya kitandani. Gall akauimba bila kujua, na alipokuja kuelewa aliumia. Kwa hiyo ninapomsikia binti wa miaka 17 akiimba mapenzi yaliyoandikwa na mkono huohuo, najikuta nimekaa macho. Ila haki ni haki. Sauti ya albamu hii si ya mtu aliyetegwa. Ni ya msichana aliyezomewa hadharani miaka miwili mitatu kwa sababu tu alikuwa mtoto mwenye kibao kikubwa, na mwaka huohuo wa 1990 akachukua César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji chipukizi. Anaimba kama anayejua kuwa anatazamwa na ameamua kutazama pia. Gainsbourg akafariki Machi 1991, na maneno haya ni miongoni mwa ya mwisho aliyowaandikia wengine.

Alizée naye alitoka kwenye nyumba yenye kuta nene. Albamu zake mbili za mwanzo, za 2000 na 2003, zilikuwa mali ya fikra za mwimbaji Mylène Farmer na mtunzi mwenzake Laurent Boutonnat, kuanzia maneno hadi picha. Akaondoka. Albamu ya 2007 ilikuwa ya kupapasa njia, mtunzi huyu hapa, mtunzi yule pale. Hii ya 2010 ndiyo aliyofunga mlango kwayo. Akaenda kwa vijana wa muziki wa elektroniki wa Paris, wakiwemo kundi la Château Marmont, na albamu nzima ikazungushwa kwa mtu mmoja: Edie Sedgwick, mrembo wa Kimarekani wa miaka ya sitini, nyota wa Factory, karakana ya msanii Andy Warhol jijini New York, aliyefariki mwaka 1971 akiwa na miaka 28. Ndiyo, mwaka uleule wa "La question". Alizée hasimulii maisha yake moja kwa moja, amevaa ya marehemu. Wapo wanaosema huko ni kujificha. Mimi naona binti aliyefanywa sanamu akiwa hajamaliza shule anajua anachofanya anapomchagua mwanamke aliyefanywa sanamu hadi akafa.

Vyombo na sauti

Ukiweka "La question" usitegemee ngoma. Kuna gitaa la nyuzi laini, besi nzito inayotembea taratibu, na fidla zinazoingia kama upepo wa jioni halafu zinaondoka. Hardy haimbi kwa nguvu hata mara moja. Yuko karibu na maikrofoni kiasi kwamba unasikia anavuta pumzi. "Chanson d'O" haina hata maneno, ni sauti na gitaa vinazungukana. Albamu yote ni dakika 30 na ushei. Nilikuwa nayo usiku mmoja umeme umekatika, mvua juu ya bati, chaji ya simu imebaki kidogo, na kitu nilichokisikia kwa mara ya kwanza kilikuwa vidole vya Tuca vikisugua nyuzi wakati vinahama kutoka sehemu moja ya gitaa kwenda nyingine. Mlio mdogo, kama mtu anafungua zipu ya mkoba chumba cha pili. Tangu hapo siwezi kuisikia albamu ile bila kuusubiri mlio huo.

Paradis ni gitaa la umeme, ngoma kavu, kinanda, na mng'aro wa studio za mwishoni mwa miaka ya themanini ambao wengine wanaupenda na wengine unawachosha. "Tandem" ni roki ya mbio, wimbo wa kupanda nao ngazi. "L'amour en soi" unapoa. Katikati ya vyote umewekwa wimbo wa Mmarekani Lou Reed, "Walk on the Wild Side", kwa Kiingereza, nao unashangaza jinsi ulivyomkaa msichana yule. Sauti yake ni nyembamba na inapita puani kidogo. Kuna watu hawaivumilii sauti hiyo, na sitakulazimisha.

Alizée ni vinanda vya umeme mwanzo hadi mwisho, baridi, vinavyokumbusha muziki wa mashine wa miaka ya themanini. Sauti yake imepangwa juu ya sauti yake, kama mtu anayejiona kwenye vioo vingi. Nyimbo ni 10. "Les collines" ndio unaoshika haraka kuliko yote. Nyingine, kama "Eden, Eden", zinataka chumba chenye giza na spika za masikioni zenye besi ya maana. Kwenye spika ya simu albamu hii inakuwa kama chai bila tangawizi.

Maneno, kwa anayejua Kifaransa na asiyejua

Hapa ndipo albamu ya Paradis inapopanda juu ya zote, na ndipo pia inapomwacha mgeni mlangoni.

Tuchukue jina lake tu. Kwa Kifaransa, "thème", yaani mada, na "t'aime", yaani nakupenda, hutamkwa sawa kabisa. Mwanamuziki huweza kuandika vibadala vya mada ileile, na Gainsbourg ameandika vibadala vya "nakupenda" ileile. Ukisikia kwa sikio hujui ni kipi mpaka uone maandishi. Kisha kuna "La vague à lames". Mfaransa akiwa na unyong'onyevu usio na sababu husema ana "vague à l'âme", kitu kisichoeleweka rohoni, ingawa neno hilohilo "vague" likitanguliwa na "la" ni wimbi. Mzee yule akaweka "la" mbele, akabadilisha herufi, roho ikawa "lames", neno linaloweza kuwa mawimbi makubwa na linaloweza kuwa nyembe. "Flagrant délire" nayo imetoka kwenye neno la kisheria la kukamatwa ukiwa katika tendo, ila hapa aliyekamatwa yuko katika wazimu.

Nilimpelekea mambo haya dada mmoja jirani yangu, mtu wa Bujumbura, aliyesoma sekondari yote kwa Kifaransa. Alikuwa anakuna nazi. Nikamsomea majina ya nyimbo moja moja, akacheka mpaka akaweka mbuzi pembeni. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyu mzee angeishi Unguja angetajirika kwa kuandika kanga." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Ukikulia kwenye taarabu na mafumbo ya mipasho, utajua mara moja mchezo unaochezwa. Shida ni kwamba fumbo lazima uijue lugha kwanza. Kwa anayeanza, "Tandem", ambayo maana yake ni baiskeli ya watu wawili, ni mvua ya vina vya "em" inayopita juu ya kichwa, ingawa inapendeza kwa mlio wake. Gainsbourg huyohuyo aliwahi kumwandikia Hardy maneno ya "Comment te dire adieu" mwaka 1968 kwa vina vya "ex", kwa hiyo hakuwa anajaribu.

Hardy ni kinyume chake. Maneno ni ya kawaida, anayatamka taratibu, na kila silabi unaikamata. Wimbo wenye jina la albamu ni mwanamke anamwambia mwanamume kwamba hajui yeye ni nani, bado anajaribu kumjua, na ukimya wake unautibua ukimya wa kwake. Anamwita swali lisilo na jibu. Hakuna fumbo la kufumbua hapo. Aliyewahi kukaa sebuleni na mtu asiyesema kitu ameshaelewa. Mwanafunzi wa miezi 6 anaweza kuifuata na karatasi mkononi. Jirani yangu, ambaye Gainsbourg alimchekesha, kwa Hardy alinyamaza, akaomba nimwachie simu.

Alizée yuko katikati kwa ugumu na chini kwa ladha, kwa maoni yangu. Maneno yake ni ukungu: taa, usiku, mji, jina la Kiingereza hapa na pale, kama "Factory Girl" au yale mabano ya "Never Leave You" kwenye "Les collines". Bila kujua kwamba ni habari ya Edie Sedgwick, utaona mashairi hayana kichwa wala miguu. Ukijua, "14 décembre" na "Grand Central" zinakaa mahali pake kama vituo kwenye safari ya mtu anayezidi kupotea. Lakini asiyejua Kifaransa hapungukiwi sana, maana kazi kubwa inafanywa na vinanda.

Siku ya kwanza na siku ya kumi

Paradis anakupa kitu siku ya kwanza. Alizée anakupa kimoja, "Les collines", vingine vinakuja kwa wiki. Hardy siku ya kwanza anaweza kukupita kabisa. Mimi nilidhani nyimbo zote ni moja. Nilimrudia kwa sababu ya uvivu, maana albamu ilikuwa bado kwenye simu, na kwenye mzunguko wa nne au wa tano "Même sous la pluie" ikanishika shati.

Baada ya kurudia mara nyingi mambo yanageuka. Kwa Paradis, mlio wa ngoma unaanza kuonyesha umri wake, na nyimbo mbili tatu za katikati sasa naziruka. Kinachobaki ni maneno, ambayo kila nikijua Kifaransa zaidi yananipa zaidi. Kwa Alizée, mlio wenyewe ulikuwa wa kuiga zamani tangu siku ulipotoka, kwa hiyo hauzeeki vibaya. Kinachochosha ni ubaridi. Nikiisikiliza mara mbili mfululizo nahisi nimekaa chumba chenye kiyoyozi kisichozimika. Hardy sijamfikia mwisho.

Alizée ndiye aliyelipa zaidi kwa ujasiri wake. Watu waliomfuata kwa ajili ya "Moi... Lolita", na walikuwa wengi mpaka Mexico, walikuta albamu isiyo na kibao kama kile, na mwaka 2013 alirudi kwenye pop nyepesi zaidi. Kwa hiyo "Une enfant du siècle" inasimama peke yake katika kazi zake, kama chumba cha juu ambacho familia haikitumii tena.

Sasa, kwa hali yako

Kama unajifunza lugha na unataka kusikia maneno yakitamkwa sawasawa, chukua Hardy. Anza na "La question", kisha "Mer", halafu ndiyo uiweke albamu yote kwa mpangilio wake. Asubuhi ya haraka haitaki, itakusinzisha kabla ya kituo.

Kama Kifaransa unakijua tangu shule, iwe Bukavu, Kigali au Bujumbura, na unapenda lugha ikichezewa, Paradis ndiye wako, pamoja na tahadhari niliyoieleza kuhusu mzee. Soma mashairi kwa macho huku unasikiliza. Bila hivyo unakosa nusu. Na kama hujui Kifaransa hata neno lakini unataka gitaa na mwendo, bado "Tandem" itakufaa kwa dakika zake chache, usijilazimishe na zilizobaki.

Kama masikio yako yamezoea vinanda vya umeme, unafanya kazi usiku mbele ya kompyuta, au unapenda albamu inayosimulia mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, mpe Alizée wiki mbili. Kwanza soma kidogo habari za Sedgwick, dakika 10 zinatosha. Usitangulize albamu zake za mwanzo ukitafuta ulinganifu, maana utakuwa unamtafuta yule binti ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamkimbia.

Na kama umeachwa juzi, weka Hardy baadaye kidogo. Nasema kwa uzoefu.

Shemeji nilimtumia nyimbo mbili, "La question" kwa ajili ya masomo yake na "Tandem" kwa ajili ya foleni ya Mtongani. Jibu lilikuja saa moja baadaye. Wa kwanza ameusikiliza mara tatu, wa pili umemfanya apitilize kituo, na anauliza "thème" inaandikwaje.